Narudia KCSE hapa Kisumu nikilenga udaktari: nipange vipi masomo?

Nyota_ya_Kondele

Habari zenu wanajukwaa. Walimu na wote mliobobea, naomba mwongozo.

Nimejisajili kurudia KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya) mwaka huu kama mtahiniwa wa kibinafsi, kituo kiko hapa Kisumu. Ninalenga shahada ya udaktari: Maseno, Moi au Egerton, yoyote itakayonipokea. Matokeo niliyo nayo ni Kemia C, Biolojia B-, Hisabati B, Fizikia C+, Kiswahili B+, Kiingereza B, Jiografia B+. Jumla ni pointi 59, yaani B-.

Kazi ya duka pale Kibuye hunishika hadi saa 12 jioni. Nina saa 2 hadi saa 5 usiku siku za kazi, Jumamosi kuanzia saa 8 mchana, na Jumapili baada ya kanisa. Sasa ni mwezi wa pili.

Bidii ipo. Nikisoma ukurasa naelewa, lakini nikikutana na swali la mtihani napata alama 2 kati ya 5 na sioni nilipokosea. Je, nirudie vitabu kuanzia kidato cha kwanza au niingie moja kwa moja kwenye karatasi za miaka iliyopita? Masomo saba niyagawe vipi? Na maabara nifanyeje, maana sina shule?

---

Hesabu_Bungoma

Kabla ya ratiba, piga hesabu ya klasta, yaani kundi la masomo ambalo kozi huangalia, ili ujue jasho lako liende wapi. Klasta ya udaktari ina masomo manne: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kadirio ambalo wanafunzi wengi hutumia ni hili: chukua pointi za masomo hayo manne ugawe kwa 48, chukua jumla ya masomo saba ugawe kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Kwako wewe (A ni pointi 12, kila gredi inayofuata hupungua moja): Biolojia 8 + Kemia 6 + Hisabati 9 + Kiswahili 10 = 33. Kwa hiyo 33/48 mara 59/84, kipeuo cha pili, mara 48, unapata takriban 33.4.

Sasa angalia. Kemia ikipanda pointi moja tu, unafika 34.1. Jiografia ikipanda pointi moja, unafika 33.6. Pointi moja ya Kemia inakusogeza karibu mara tatu ya pointi moja ya Jiografia, kwa sababu inaingia pande zote mbili za hesabu. Ukipata A ya Biolojia, A- tatu za Kemia, Hisabati na Kiswahili, A- ya Jiografia, na B+ za Fizikia na Kiingereza, jumla ni 76 na kadirio ni 44.2. Huko ndiko uelekee. B katika masomo ya klasta ni mlango tu wa kuomba nafasi. Wanaoipata wako juu zaidi.

Haya ni makadirio ya kukuongoza, usiyachukue kama barua ya KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo. Lakini uwiano wa masomo ndio huo.

Jambo lingine: usijaribiwe kurudia Kemia na Biolojia peke yake. Gredi ya wastani inahesabiwa kwa Hisabati, lugha moja iliyo bora, na masomo mengine matano bora. Fanya yote saba.

---

Mwl_Kemia_Kakamega

Nyota, karibu. Dalili uliyotaja, ya kuelewa ukurasa kisha kukwama kwenye swali, naijua vizuri. Kuutambua ukweli ukiwa mbele ya macho na kuutoa kichwani ukiwa na karatasi tupu ni kazi mbili tofauti, na mtihani hupima ya pili. Ukianza kusoma upya vitabu vya kidato cha kwanza utafika mwezi wa saba ukiwa na daftari maridadi na alama zile zile.

Fanya hivi kwa kila mada. Tuseme ni moli. Soma dakika 25. Funga kitabu. Kwa dakika 10 andika kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka: fomula, vipimo, milinganyo, masharti. Fungua kitabu ujaze mapengo kwa wino mwekundu. Baada ya hapo tafuta maswali 4 hadi 6 ya mada hiyo kutoka karatasi za KCSE, uyajibu kitabu kikiwa kimefungwa na saa ikiwa mezani. Karatasi ya kwanza na ya pili za Kemia zina alama 80 kila moja kwa saa 2, kwa hivyo kila alama ina dakika moja na nusu. Swali la alama 3 likikutafuna dakika 10, hilo nalo ni kosa, hata kama jibu ni sahihi.

Kisha sahihisha kwa mwongozo wa kusahihisha, na hapa ndipo wengi huharibu. Wanaangalia jibu, wanasema "ah, hilo nilikuwa nalijua", wanajipa alama. Usijipe. Kama halikuandikwa, halipo. Mlinganyo usiosawazishwa haupati kitu. Mlinganyo uliosawazishwa bila alama za hali (yabisi, kioevu, gesi, myeyusho wa maji) hupoteza nusu alama. Jibu la hesabu bila kipimo chake hukatwa. Alama hizi ndogo ndizo hutenganisha C na B.

Weka daftari la makosa lenye safu nne: swali na mwaka wake, ulichoandika, kilichotakiwa, na sababu. Safu ya sababu ndiyo yenye thamani. Tumia herufi: M kwa maarifa hukuwa nayo, S kwa swali hukulisoma vizuri, H kwa hesabu, U kwa uandishi usio kamili, W kwa wakati. Baada ya wiki tatu zihesabu. Ukiona M nyingi, rudi kwenye kitabu kwa mada hizo tu. Ukiona U nyingi, kitabu hakitakusaidia, unahitaji kuandika majibu kamili zaidi. Kila swali ulilokosa lirudie baada ya siku 3, kisha baada ya siku 10 hivi, bila kuangalia jibu. Likikushinda mara ya pili, liandikie maelezo yako mwenyewe ya mistari mitatu.

Mada za Kemia zinazolipa haraka kwa mtu wa C ni moli na sheria za gesi, chumvi na umumunyikaji, mabadiliko ya nishati, kemia ya umeme, na kemia ya kaboni ya kidato cha tatu na cha nne. Chukua hesabu za elektrolisisi. Hatua ni zile zile kila mwaka: mkondo mara sekunde hukupa kulomu, gawanya kwa 96,500 mara idadi ya elektroni, zidisha kwa uzito wa moli. Mkondo wa ampea 2 kwa dakika 30 ni kulomu 3,600. Kwa shaba yenye chaji 2: 3,600 gawanya kwa 193,000 mara 63.5, unapata gramu 1.18. Kosa la kawaida ni kusahau kugeuza dakika kuwa sekunde, la pili ni kusahau ile 2 ya elektroni. Ukifanya maswali 12 ya aina hii, hilo somo dogo limekwisha.

Kuhusu karatasi zenyewe: zile kuanzia 2015 zitumie kwa mada, si kwa karatasi nzima, mpaka mwezi wa saba. Mwezi wa nane fanya mitihani ya majaribio ya kaunti. Karatasi za miaka mitatu ya mwisho zifungie kabatini usiziguse, uzifanye nzima nzima kwa saa halisi mwezi wa tisa na wa kumi. Ukishazipitia mapema, hutakuwa na kipimo cha kweli tena. Na uwe makini unapozipakua mtandaoni: mtihani wa 2020 ulifanywa mwezi wa tatu 2021, na wa 2021 ukafanywa mwezi wa tatu 2022, kwa hivyo tovuti nyingine zimechanganya majina ya faili. Unaweza kudhani una karatasi mbili, kumbe ni moja.

---

Bio_Siaya

Nakubaliana na mwalimu wangu hapo juu, isipokuwa jambo moja. Kwa Biolojia ziko mada mbili ambazo hupaswi kuingia kwenye maswali kabla ya kusoma kwa mpangilio: jenetiki, na uratibu wa mwili (neva na homoni). Hizo zimejengwa hatua juu ya hatua. Ukiruka moja, kila swali linakuwa fumbo. Zipe wiki mbili mbili za kitabu na kuchora, ndipo uanze maswali. Kwa nyinginezo, njia ya mwalimu inafaa.

Nyota, alama 2 kati ya 5 katika Biolojia mara nyingi zinatokana na mnyororo kukatika. Swali linaloomba kutaja linataka neno au kirai. Swali linaloomba kueleza linataka sababu na matokeo, kiungo kwa kiungo, na kila kiungo kina alama yake. Mfano: kwa nini mtu hutoa mkojo kidogo siku ya jua kali? Wengi huandika "kwa sababu anatoka jasho jingi", wanapata alama 1. Mnyororo kamili: jasho jingi hupunguza maji katika damu, shinikizo la osmosisi la damu hupanda, haipothalamasi hutambua, tezi ya pituitari hutoa homoni ya ADH kwa wingi, kuta za mirija ya figo hupitisha maji zaidi, maji mengi hufyonzwa kurudi damuni, mkojo unakuwa kidogo na mzito. Hesabu viungo: ni saba. Swali la alama 5 limeshajibika na akiba ikabaki.

Fanya zoezi hili: kila mada iwe na minyororo 6 hadi 8 ya namna hiyo, uiandike ukiwa umefunga kitabu. Kudhibiti sukari, kudhibiti joto la mwili, kufunguka kwa stomata, kupanda kwa maji shinani, mzunguko wa hedhi, mmea kuinama kuelekea nuru. Uandishi wa insha katika karatasi ya pili unatoka hapo hapo.

Karatasi ya pili ina sehemu mbili. Sehemu A ni maswali matano ya alama 8 kila moja. Sehemu B, swali la 6 ni la lazima, la data na grafu, alama 20. Kisha unachagua la 7 au la 8, insha ya alama 20. Swali la 6 ni zawadi kwa anayejizoeza, kwa sababu alama za grafu hazibadiliki sana: mizani inayotumia zaidi ya nusu ya karatasi ya miraba, mihimili yenye majina na vipimo, nukta zilizowekwa sawasawa, na mkunjo laini unaopita kwenye nukta. Mtu akisahau kuandika kipimo kwenye mhimili ameacha alama mezani. Chora grafu moja kila Jumapili mpaka mwezi wa kumi.

Katika insha, kila sifa ya kiungo iambatane na kazi yake. "Chembe nyekundu hazina kiini" peke yake haitoshi. "Hazina kiini, hivyo zina nafasi kubwa ya kubeba himoglobini nyingi zaidi" ndilo jibu. Na majina ya kisayansi yaandikwe neno la kwanza kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo, kila moja lipigiwe mstari kivyake.

Kuhusu vitendo vya Biolojia, dada au kaka, uko Kibuye! Soko hilo ni maabara tayari. Nunua embe, chungwa, nyanya, papai na ganda bichi la maharagwe. Kata wima na kukingama, chora, uandike aina ya tunda na jinsi mbegu zilivyopangwa: nyanya mbegu zimeshikana na mhimili wa katikati, papai zimeshikana na ukuta, maharagwe ziko kwenye ukingo mmoja wa ganda. Otesha maharagwe na mahindi kwenye pamba yenye unyevu. Maharagwe huinua kotiledoni juu ya udongo, mahindi huiacha chini. Mchinjaji atakuuzia pingili za mgongo wa mbuzi kwa bei ndogo; zichemshe, zisafishe, ujifunze kutofautisha za shingo, za kifua na za kiuno.

Mchoro uwe wa penseli kali, mstari mmoja usiokatika, bila kivuli, mistari ya majina isiwe na vichwa vya mshale wala isikatane. Ukuzaji ni urefu wa mchoro ugawanywe kwa urefu halisi, jibu litangulizwe na alama ya kuzidisha, bila kipimo chochote. Watu huandika sentimita pale na kupoteza alama.

---

Nyota_ya_Kondele

Asanteni sana. Bio_Siaya, mimi ni dada. Nimeelewa kuhusu minyororo, nimejaribu swali la stomata nikaona nilikuwa naandika viungo viwili tu.

Sasa Kemia ya vitendo inanitia hofu zaidi. Je, ina uzito gani hasa? Titresheni yangu (kupima kiasi cha myeyusho mmoja kinachokamilisha mmenyuko na mwingine) kila mara ilikuwa mbali na ya mwalimu, na sikuwahi kuelewa kwa nini. Chumvi nazo, kutambua ioni zilizomo, zilinichanganya kabisa.

---

Maabara_Nakuru

Karatasi ya tatu ya Kemia ni alama 40 kati ya 200, na ya Biolojia vivyo hivyo. Moja ya tano ya gredi. Mtahiniwa wa kibinafsi huangukia hapo kwa sababu huiacha mpaka mwezi wa kumi.

Titresheni kwanza. Ukiwa mbali na thamani ya mwalimu, sababu ni moja kati ya hizi. Bureti (mrija mrefu wenye vipimo na koki) ilisuuzwa kwa maji tu, haikusuuzwa kwa myeyusho utakaowekwa ndani, basi maji yaliyobaki yakauzimua na kiasi kikapanda. Chupa ya koni ilisuuzwa kwa myeyusho badala ya maji, basi kuna moli za ziada ndani. Kiputo cha hewa kilibaki kwenye ncha ya bureti chini ya koki, kikatoka katikati ya kazi, na bureti ikahesabu hewa kama kioevu. Faneli iliachwa juu ya bureti ikadondosha tone. Pipeti ilipulizwa ili kutoa tone la mwisho, ambalo kwa kweli linapaswa kubaki. Au jicho halikuwa sawa na mstari wa kioevu. Kwa myeyusho usio na rangi soma chini ya mbonyeo. Kwa pamanganeti ambayo ni nyeusi-zambarau, soma ukingo wa juu.

Utaratibu: suuza bureti kwa maji, kisha kwa myeyusho wake mara mbili, kama mililita 5 kila mara. Jaza kupita sifuri, fungua koki kwa nguvu sekunde moja kutoa kiputo, teremsha hadi usomaji unaoeleweka, ondoa faneli. Pipeti isuuzwe kwa myeyusho wake, ichukue 25.0. Weka matone 2 au 3 ya kiashiria, yasizidi, kwa sababu kiashiria nacho ni asidi au besi dhaifu. Raundi ya kwanza nenda haraka kiasi ujue mwisho uko wapi. Raundi zinazofuata, ukikaribia kwa mililita 2, teremsha tone kwa tone huku ukizungusha chupa. Rangi ikibadilika kwa tone moja na kubaki, simama.

Jedwali lina alama zake kabla hata ya hesabu, kwa kawaida 5: kukamilisha raundi tatu, kuandika desimali kwa namna moja kote, usahihi dhidi ya thamani ya kituo (ile aliyoipata mwalimu), kanuni ya wastani, na jibu la wastani. Raundi mbili tu hupata nusu ya alama ya jedwali. Ukiandika 24.5 mahali pamoja na 24.40 pengine, alama ya desimali imeenda. Ukitumia desimali mbili, ya pili iwe 0 au 5. Thamani unazotafutia wastani zisitofautiane zaidi ya 0.2, na uonyeshe hesabu yenyewe: 24.50 + 24.40 + 24.40, gawanya kwa 3, ni 24.43. Usigeuze jedwali juu chini, na usomaji usipite 50. Usahihi hupimwa kwa ukaribu wa 0.1 kwa alama kamili, 0.2 kwa nusu. Jibu la wastani nalo hulinganishwa hivyo hivyo. Kwa hiyo hata ukiwa mbali na thamani ya kituo, alama 3 kati ya 5 ziko mikononi mwako.

Na usibuni namba. Wanaobuni huandika raundi tatu zinazolingana kabisa, kisha jibu la moli linatoka la ajabu na linaburuta hesabu zote zilizobaki.

Kwa chumvi, tatizo kubwa ni haraka. Maagizo yanasema ongeza tone kwa tone mpaka izidi. Mwanafunzi anamimina. Zinki, alumini na risasi hutoa mashapo meupe yanayoyeyuka ukizidisha sodiamu haidroksaidi. Ukimimina mara moja, mashapo yanatokea na kupotea kabla hujayaona, unaandika "hakuna mabadiliko", na kila hitimisho linalofuata linakuwa baya. Tumia takriban mililita 2 za myeyusho, tone moja, tikisa, angalia, tone jingine.

Kisha amonia hukutenganishia: zinki huyeyuka ikizidi, alumini na risasi haziyeyuki. Risasi uitofautishe na alumini kwa potasiamu iodaidi, risasi hutoa mashapo ya manjano. Shaba hutoa mashapo ya samawati yasiyoyeyuka katika sodiamu haidroksaidi, lakini katika amonia nyingi huwa myeyusho wa samawati iliyokolea. Chuma cha chaji 2 ni kijani, cha chaji 3 ni kahawia. Jedwali hili ni la mistari michache tu, liandike kwa kumbukumbu kila Jumamosi kabla ya kuanza kazi nyingine.

Katika kuandika, myeyusho "hauna rangi", usiseme "ni safi", maana hata myeyusho wa samawati unaweza kuwa safi. Na hitimisho liendane na ulichoona. Mashapo meupe yaliyoyeyuka katika sodiamu haidroksaidi yanakupa ioni tatu zinazowezekana, ziandike zote tatu. Ukitaja moja mapema umejinyima.

Saa 2 na dakika 15 za karatasi hiyo zina dakika 15 za mwanzo za kusoma tu, bila kugusa vifaa. Zitumie kupanga: kama kuna kitu cha kuchemsha au kusubiri kipoe, kianze mapema na ufanye titresheni wakati kinapoa.

---

Bio_Siaya

Nyongeza kidogo kwa vipimo vya chakula, maana makosa yake ni yale yale kila mwaka. Kipimo cha Benedict, cha sukari, lazima kichemshwe. Bila joto hakuna rangi. Kwa protini tanguliza sodiamu haidroksaidi, kisha salfeti ya shaba ya asilimia 1 tone kwa tone, kwa sababu ukizidisha shaba, samawati yake inafunika zambarau. Kwa sukari isiyo ya kupunguza, chemsha na asidi haidrokloriki hafifu, poza, ongeza bikaboneti ya sodiamu mpaka povu liishe, ndipo uweke Benedict na kuchemsha tena. Anayeruka hatua ya bikaboneti anaacha asidi ndani na kipimo hakifanyi kazi.

Na matokeo hasi yaandikwe kwa rangi: "rangi ya kahawia ya iodini inabaki", usiandike tu "hakuna".

---

Hesabu_Bungoma

Hisabati kwa ufupi, kwa sababu una B na msingi upo. Karatasi mbili, alama 100 kila moja, saa 2 na nusu. Sehemu ya kwanza ni maswali 16 ya lazima, alama 50. Sehemu ya pili unachagua 5 kati ya 8, kila moja alama 10. Chagua mapema mada 6 za sehemu ya pili utakazozimudu kabisa kwa kila karatasi na uzifanyie kazi mwaka mzima, badala ya kugusa zote nusunusu. Matriki na mabadiliko ya maumbo, takwimu, mfululizo, utofautishaji na ujumlishaji wa kalkulasi, upangaji wa mstari na grafu za trigonometria hulipa kwa sababu hatua zake ni za kudumu. Andika kila hatua. Jibu tupu likiwa baya hupati chochote, hatua zikiwepo unaokota alama 6 kati ya 10.

Fizikia usiitupe. Hisabati ikiteleza siku ya mtihani, Fizikia ndiyo inayoweza kuchukua nafasi yake katika klasta.

---

Mwl_Kemia_Kakamega

Ratiba sasa. Usiku wa siku ya kazi una vipindi viwili vya dakika 75 na pumziko la dakika 15 katikati. Kipindi cha kwanza, akili ikiwa bado na nguvu, kiwe cha hesabu au cha majibu marefu. Cha pili kiwe chepesi.

Jumatatu Kemia kisha Kiswahili. Jumanne Hisabati kisha Biolojia. Jumatano Kemia kisha Fizikia. Alhamisi Biolojia kisha Kiingereza. Ijumaa Hisabati, halafu daftari la makosa la wiki nzima. Jumamosi ni ya vitendo na karatasi ndefu. Jumapili Fizikia kidogo, Jiografia, na grafu yako. Siku stima ikipotea, tumia minyororo ya Biolojia na milinganyo ya Kemia, ambayo hukaririwa bila taa. Saa 5 usiku lala. Kichwa kinapanga ulichosoma ukiwa usingizini, na wewe kesho uko dukani tangu asubuhi.

Kiswahili kina uwezo wa kukupa A- bila kuiba muda wa sayansi. Karatasi ya Lugha ni alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Hizo 40 za sarufi ni za mazoezi tu. Insha fanya moja kwa wiki mbili, mpe mtu aisome. Kwa fasihi hakikisha vitabu teule ulivyo navyo ndivyo vya mwaka wako. Watahiniwa wanaorudia wamewahi kusoma kitabu kilichokwisha kubadilishwa.

---

Nyota_ya_Kondele

Mungu awabariki. Nimeanza daftari la makosa leo, maswali 9 ya moli: herufi H tano, U tatu, M moja. Kumbe maarifa ninayo.

Maswali mawili ya mwisho. Kuna kundi la Telegram linalouza karatasi "za kweli" mwezi wa kumi, rafiki yangu ananisukuma tuchange. Na je, maabara naipata wapi kama kituo changu hakijaniita?

---

Mwl_Kemia_Kakamega

Usichange hata shilingi. Wengi wao huuza karatasi za kubuni au za majaribio zilizobadilishwa jalada. Na hata ingekuwa ya kweli, kumiliki karatasi ya mtihani kabla ya wakati ni kosa la jinai chini ya Sheria ya KNEC (Baraza la Mitihani la Kenya) ya 2012, na baraza hufuta matokeo. Tafadhali ondoka kwenye kundi hilo leo. Huo usiku wa kusubiri karatasi ni usiku ambao hukulala wala hukusoma.

---

Maabara_Nakuru

Kuhusu maabara, usisubiri kuitwa. Nenda kituo chako cha usajili mwezi huu, uonane na mwalimu mkuu au mkuu wa idara ya sayansi, ukiwa na karatasi ya usajili. Uliza mambo matatu: watahiniwa wa kibinafsi mnapangiwa vipindi vya vitendo lini, gharama ya kemikali ni kiasi gani, na nani atasimamia. Kama wako tayari lakini gharama ni kubwa, tafuta watahiniwa wenzako 8 hadi 10 wa kituo hicho mchangie pamoja.

Omba Jumamosi mbili kwa mwezi kuanzia mwezi wa tatu. Kikao cha saa 2 na nusu kinatosha titresheni moja kamili na chumvi mbili. Mwezi wa tatu hadi wa tano jifunzeni mkono: pipeti, bureti, kutikisa, kusoma. Mwezi wa sita ongezeni majaribio ya nishati na kasi ya mmenyuko, yenye kipimajoto na saa. Kuanzia mwezi wa nane fanyeni karatasi nzima kwa muda wake. Mwombe msimamizi afanye titresheni yake kwanza, aifiche, awape thamani mkimaliza; bila hiyo huwezi kujua usahihi wako.

Asidi na besi kali zisifanyiwe majaribio nyumbani. Nyumbani fanya kwa karatasi: chukua maagizo ya swali la chumvi, andika unachotarajia kuona kabla ya kufika maabara.

Siku ya kwanza njoo na koti la maabara, viatu vilivyofunika vidole, kikokotoo kisichopangika, penseli mbili zilizochongwa, rula, na jedwali la ioni uliloliandika kwa kumbukumbu. Msimamizi akiona hilo jedwali atajua aanzie wapi na wewe.